Masikio ya Fundi Leonardi

Kwa miaka mingi hapa Sumbawanga, mwenye gari linalopumua vibaya alilipeleka kwa Leonardi. Gereji yake na duka langu la spea vinagawana ukuta mmoja, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona mwenyewe. Yeye ni Mfipa wa Kasense, mtu wa maneno machache. Mimi ni Mnyakyusa, na kunyamaza sikufundishwa. Mafundi wengine hutegemea macho. Leonardi alitegemea masikio: gari likiwashwa, anainamisha kichwa, kisha anakuonyesha bolti ambayo haijakaza.

Mwaka jana watu wakaanza kusema amekuwa na majivuno. Vijana wanampa shikamoo, naye anapita kama hakuna mtu. Hata mimi nilimnunia, maana salamu ni bure, na mtu anayeninyima cha bure simwelewi.

Juni hii, baridi ikiwa imeshika kwelikweli, akaja Isakwisa, kijana wa kwetu Mbeya anayefanya kazi halmashauri kule Namanyere. Ana Altezza nyekundu, gari dogo la mbio, na anaipenda mpaka mkewe Faith hulalamika kwamba mumewe ameoa mke wa pili. Alitaka kubadilisha heda, yaani lile fungu la mabomba linalopokea moshi kwenye injini na kuupeleka nyuma. Nilikuwa nimemwagizia za aina mbili kutoka Dar achague.

"Nataka hizi, dada Sekela," akasema, akishika zile ambazo mabomba yote manne yanakutana mahali pamoja. "Zinapiga kelele mpaka raha."

Leonardi alizipindua mikononi polepole. "Hizo ni za kukimbizana kwenye tambarare," akamwambia. "Wewe unapanda milima, tena hewa ya huku ni nyepesi. Chukua hizi nyingine, manne yanakuwa mawili, halafu moja. Zitavuta vizuri tangu gari linapoondoka."

Isakwisa akakubali shingo upande.

Kazi ilichukua siku nzima. Leonardi alifungua mabomba ya zamani yaliyoshikwa na kutu, akasugua uso wa injini mpaka ukang'aa, akaweka gasketi mpya ya kuziba maungio, akakaza bolti kuanzia katikati kwenda nje. Akawasha. Gari likanguruma, Isakwisa akacheka kama mtoto. Leonardi akainama, akatega sikio, akasema, "Imekaa."

Haikuwa imekaa. Mimi niliyekuwa mlangoni kwangu nilisikia ndani ya ule mngurumo, tik, tik, tik, moshi unavuja pale heda inapoungana na injini. Moshi wa namna hiyo ukiingia ndani ya gari lililofungwa vioo humlaza mtu, na asiamke tena. Na Faith, aliyekuwa amefuatana na mumewe, alikuwa ameshaingia garini na mtoto wao mchanga, anapandisha vioo kwa sababu ya baridi.

"Leonardi, inavuja," nikasema. Alikuwa amenipa mgongo. Nikasema tena kwa sauti ya kuamsha mtaa. Hakugeuka. Hapo ndipo nilipoelewa zile salamu zote, na moyo ukaniuma.

Nikamwendea, nikamshika mkono, nikamsogezea kiganja kwenye maungio. Pumzi ya moto ikampiga. Hakuutoa mkono mpaka nilipouvuta mimi. Akazima gari, akanitazama midomo.

"Wewe unaisikia?"

"Ninaisikia."

"Mimi siisikii," akasema.

Angeweza kukaza upya na kukaa kimya. Isakwisa alikuwa pembeni anaongea na simu, hajui lolote, na siri hiyo hata mimi ningeitunza, amini usiamini. Fundi wa ekzosi asiyesikia atamfanyia nani kazi? Leonardi alijua hayo kuliko mimi. Alijifuta mikono, akamwendea Isakwisa.

"Kijana wangu, mshushe mama na mtoto. Nimekufungia vibaya. Masikio yangu yamekufa tangu mwaka jana, na nimewaficha watu."

Isakwisa aliwatazama mkewe na mtoto, kisha akamtazama yeye. "Na gari la Mathias je? Si wewe uliyemfungia wakati wa Pasaka?"

Leonardi alimwomba arudie, akiwa amekaza macho kwenye midomo yake.

"Na la Mathias," akajibu. "Na mengine."

Altezza ililala pale pale. Kesho yake fundi mwingine aliikuta bolti moja uzi wake umeliwa.

Jumapili Leonardi alimfuata padre kabla ya misa. Mimi ni Mmoraviani, lakini siku hiyo nilikaa kanisani kwao. Baada ya matangazo ya ndoa, katekista alimwashiria Leonardi kwa mkono asimame, watu wamwone, kisha akasoma: wote waliofungiwa ekzosi na fundi huyu tangu mwaka jana wayapeleke magari yakakaguliwe na fundi mwingine, na hadi hapo waendeshe vioo vikiwa wazi, kwa kuwa Leonardi hasikii tena.

Kipaza sauti kilikuwa kimemfunika katekista midomo. Akahamia kwenye zamu za usafi, jumuiya moja baada ya nyingine, na Leonardi bado amesimama katikati ya watu walioketi, anangoja tangazo lake lisomwe. Mkewe Otilia alimvuta mkono wa koti, akamwashiria kwa kichwa kwamba limeshasomwa.

Ndipo akaketi.