Koki ya Kati

Mama yangu hakutoka jikoni hata mara moja bila kufunga koki ya mtungi wa gesi. Alihamia Maskati kutoka Unguja na hofu zake zote, na hiyo ya gesi ndiyo iliyokuwa kubwa. Basi mtu kama huyo ndiye niliyemletea mitungi mingine miwili ya chuma nyumbani Bawshar, hapohapo Maskati, mirefu kuliko wake, nikaisimamisha ukumbini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa mzamiaji wa baharini, najiandaa kwenda kufanya kazi kwenye maziwa ya nchi za baridi. Maji ya huko yanaweza kugandisha regyuleta, kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia, ikabaki wazi, hewa yote ikakutoka kwa mapovu. Ndiyo maana mzamiaji hubeba mitungi miwili mgongoni, imeunganishwa kwa bomba lenye koki tatu: ya kulia, ya kushoto na ya kati. Regyuleta ikiganda, unapeleka mkono nyuma ya kisogo, unafunga koki ya upande ule, unahamia regyuleta ya pili. Hewa ya mitungi yote miwili bado unaipata, mradi ya kati iko wazi. Ukizama nayo imefungwa bila kujua, unapumua mtungi mmoja huku geji ya kupimia hewa inasoma mwingine.

Nilikwenda kufanya mazoezi Qurayyat katikati ya joto, nimevaa glavu nene kama za kushikia sufuria za moto. Watu ufukweni walinicheka. Chini ya maji nikaona geji haishuki. Kwanza nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani napumua kwa ustadi. Halafu nikaelewa. Nikapapasa nyuma ya kisogo kwa yale maglavu. Ya kati ilikuwa imefungwa, tena imekazwa.

Nilirudi nyumbani nimefura.

"Mama, umegusa mitungi yangu?"

"Nimeigusa. Koki mbili nlizikuta zimefungwa, nkajua umesahau moja. Gesi hailali wazi nyumbani kwangu."

"Si gesi, mama, ni hewa! Ungeniua!"

Akakunjakunja ncha ya mtandio wake.

"Mie nnalolijua ndo hilo," akasema. "Huko chini ntakufikia wapi, mwanangu? Nkaona angalau nkufungie."

Hasira ikaniisha palepale. Nikamshika mkono, nikamwonyesha koki moja moja na kazi yake. Tangu siku ile mazoezi yangu yakawa yake. Kiyoyozi tunakiweka mwisho wa baridi, mimi nasimama ukumbini na mitungi mgongoni na glavu mikononi, yeye kakaa nyuma yangu na kikombe cha kahawa, anaita: "Kulia! Yallah, upesi, ushakufa wewe! Kushoto!" Alinikaripia kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye. Tukimaliza anainuka, anaigusa ya kati kwa mkono wake, anaizungusha kidogo kuhakikisha.

"Iko wazi. Haya, nenda, Mungu yu nawe."

Nikawa nampigia simu kutoka kwenye yale maziwa, na hata salamu hazijaisha ananiuliza, "Ya kati?" Namwambia iko wazi. "Haya, nenda."

Alifariki nikiwa kulekule kwenye baridi. Niliporudi walishamzika. Nilikuta mtungi wa jikoni umefungwa, umekazwa kwa nguvu zake zilezile, na kwa siku kadhaa sikumruhusu mtu kuufungua. Tulikula vya kununua, ndugu zangu wakanung'unika, na mimi sikujali.

Nina hamu na mama yangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Siku hizi nazama hapahapa Maskati, maji yana uvuguvugu wala hakuna cha kuganda, lakini mitungi yangu bado ni ile miwili. Kila nikitaka kuingia majini napeleka mkono nyuma ya kisogo na kuigusa ya kati. Naikuta wazi, kama nilivyoiacha. Wenzangu wanaruka mmoja mmoja, mimi nabaki nimesimama, nangoja kuambiwa niende.