Saa ya laptopu ya Baba Nekesa

Wasee, leo mdomo wangu umeniponza.

Naandika haraka, dakika nilizolipia kwa kompyuta ya saiba zinaisha.

Asubuhi Mama Nekesa ametoka Kambi Muru kwa miguu hadi kibanda changu cha kutengeneza kompyuta hapa Kabiro. Amebeba laptopu ya marehemu bwanake, ameifunga kwa leso. Ndani kuna majina ya watu wa ukoo wao. Mzee aliyaandika ndio watoto wajue kwao. Lakini aliweka paswadi ya kuwasha mashine, na mwaka juzi akazikwa nayo.

"Fundi, majina hayatafutika?"

"Hapana, mama. Natoa kabetri kadogo ka ndani, halafu nakarudisha. Mashine itasahau paswadi."

(Inasahau tarehe pia. Hiyo huwa narekebisha mwisho.)

Ikawaka. Majina yote yapo.

Nikaona tarehe, nikacheka kama mjinga.

"Mama, hii mashine imerudi nyuma miaka mitano!"

Hakucheka.

"Miaka mitano? Hapo Baba Nekesa alikuwa bado anaenda job."

Vidole vyangu vilikuwa vishaanza kuandika tarehe ya leo. Akanishika mkono.

"Wacha hivyo."

Nikawacha. Akaifunga tena kwa leso, polepole, kama mtoto amelala.

Sasa niambieni, nyinyi mngefanya aje?

Maana kuna kitu sikumwambia. Hiyo saa ya mashine haijasimama. Inatembea tangu asubuhi, na baada ya miaka mitatu itafika tena ile siku mzee alikufa.