Kijani cha Mkono Wangu

Katika miaka ya hamsini nilikuwa na gari kuukuu, nikaazimia kulipaka rangi ya kijani kwa mkono wangu mwenyewe, nje ya nyumba yetu Kariakoo. Jirani yangu, fundi wa gereji, alicheka.

"Shehe, wewe somesha watoto Kurani. Gari utaniletea tu kabla ya Idi."

"Sikuletei," nikamwambia.

Nilisugua kutu kwa msasa siku nyingi, nikamwagia maji mchanga wa barabarani ili vumbi litulie, kisha nikasema bismillahi na kupaka. Nilisahau jambo moja: Idi ikikaribia, kila nyumba hujaza mito upya. Mke wangu alifungua gunia la sufi barazani, upepo ukavuma, na mlango mmoja wa gari, rangi ikiwa bado mbichi, ukajaa nyuzi nyeupe.

"Gari limeota mvi, Shehe," alisema fundi.

Nilimshukuru Mungu kwa milango mitatu iliyosalimika, nikausugua ule wa nne na kuupaka tena. Sufi kidogo iliganda humo humo. Asubuhi ya Idi niliendesha hadi msikitini, nikaegesha mbele ya fundi, mlango ule ule ukimwelekea yeye.