Mkwezi Akianguka, Asisimamishwe

Mume wangu Kificho alikuwa mkwezi wa minazi, na wallahi Mtoni nzima hakuna aliyemfikia. Leo yuko kwenye kiti cha magurudumu, anasokota kamba za makumbi. Atakayemwita "maskini Kificho" mbele yangu atanijua.

Basi niseme lililonikaa kooni. Hapa kwetu mkwezi akianguka haachwi akalala chini ya mnazi wake. Anashikwa makwapa, anasimamishwa palepale, ati woga usimwingie. Baba yangu alisimamishwa, na babu yangu pia. Miaka minne iliyopita, Kificho alipoanguka, kafumba macho, watu walisita. Mimi ndiye niliyepiga kelele: "Mnangoja nini? Msimamisheni!" Wakamsimamisha. Miguu ikaning'inia tu. Kwamba ni mimi niliyeamuru, sikumwambia hata siku moja. Nilidhani kazimia, hakusikia kitu.

Mwaka jana Ulfat, binti wa jirani yangu Bi Mayasa, alirudi likizo kutoka chuoni. Kazi yake ni ya maabara, kuchunguza migongo ya panya walioumia. Nikamcheka.

"Panya na mume wangu wapi na wapi?"

Hakukasirika, maskini. Akanieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo mna ugwe, kamba inayopeleka habari miguuni. Ugwe ukiumia, jeraha haliishii pale lilipoanzia. Ndani ya saa chache protini za kinga zinaongezeka mno mle, zinaita askari wa mwili. Wanakuja kusafisha, lakini wakizidi wanaunguza hata mishipa ya fahamu iliyosalimika. Yeye anapima protini gani zinapanda, na zinakaa siku ngapi. Dawa bado, akasema, hataki kunidanganya.

"Na mtu akisimamishwa?"

"Mfupa uliovunjika unausaga ugwe upya, Bi Mwanamwema. Jeraha linakua, na ule moto nao unakua."

Nikaenda uani nikalia mpaka nikachoka. Miaka mitatu nalaumu jini na husda za watu, kumbe ni mdomo wangu.

Jumamosi iliyopita tukasikia kishindo nyuma ya nyumba. Nikatoka mbio. Ayoub kaanguka, yuko chini ya mnazi analalama mgongo; ni mpwa wa Ami Nahodha, na huyo Ami ndiye mkubwa wa wakwezi wote hapa. Vidole vyake vya miguu vinacheza, nimeviona kwa macho yangu. Na watu wawili wameshamtia mikono makwapani.

Nikajitupa katikati.

"Mwacheni! Anayetaka kumwinua anikanyage mimi kwanza!"

"Ebo! Hebu ondoka," akanguruma Ami Nahodha. "Mwanamke ndiye wa kutufunza ukwezi?"

"Nakufunza, ndiyo! Vidole vinacheza, Ami. Mkimsimamisha havitacheza tena."

"Si wewe uliyesema Kificho asimamishwe?"

 Nikageuka, Kificho keshafika na kiti chake, yuko nyuma yangu. Aibu ikanipanda mpaka masikioni, lakini sikusogea hata hatua.

"Ni mimi! Mimi nilimsimamisha mume wangu, mtazameni alivyo! Kwa hivyo huyu hamsimamishi. Nshasema, na anayetaka ugomvi aje!"

Ami Nahodha alinitazama, akamtazama Kificho. Kisha akawaambia wale watu waachie. Nikaamrisha mlango wa banda ung'olewe, tumlaze juu yake bapa, twende naye hospitali hivyohivyo. Mimi nikapiga magoti nimshike kichwa kisigeuke. Machozi yananitoka, nimeshindwa hata kuyafuta.

Kificho akasogeza kiti mpaka goti lake likanigusa begani. Mwenyewe hakulihisi, najua.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Sikuzimia."

Nikashindwa kumtazama.

"Haya, shika kichwa vizuri, mke wangu. Vidole vingali vinacheza."