Raba za Filbert Zilizolala Darini

Kila nikipita Mwika katika kutangatanga kwangu, huingia kwa Filbert, mkulima wa kahawa, mtu mtaratibu kama ukungu wa kule juu. Pasaka ya mwaka tisini na saba nilimkuta na raba mapajani. Bintiye Salvina alizichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Moshi: nyeupe, za mpira wa kikapu, mtindo wa zamani, fupi, zinaishia chini ya kifundo.

"Baba, hizi ni za kila siku," Salvina alisema. "Achana na hayo makatambuga ya tairi, yanakupasua visigino. Krismasi nizikute zimechakaa."

Filbert akazipima. Akakunja soli, akanusa ndani, akashuka mgombani na kupanda tena. Mbele ni pana, kidole chake kilichopinda kikapumzika. Kifundo hakibanwi. Kwenye umande ziliteleza kidogo tu.

"Ni kama ardhi inanipokea," aliniambia, macho yako mbali.

Salvina alipoondoka, Filbert akazipandisha darini juu ya moto wa jikoni, wanakotunza mahindi ya mbegu.

"Baba Salvina, raba nazo ni mbegu?" mkewe Mektrida akamtania. "Utazipanda masika?"

"Azikute kama alivyozileta. Ajue nimezithamini."

Basi akaendelea na makatambuga yake, na moshi ukapanda polepole, mwezi hadi mwezi. Aliniambia huziota zikishuka zenyewe kwenda kuangalia kahawa.

Krismasi nilikuwepo. Alizishusha zina rangi ya chai ya maziwa, akazivaa kwenda kanisani na bintiye. Tulipovuka mfereji, soli ya kulia ikabaki nyuma. Joto lilikuwa limekausha gundi.

Salvina akaiokota. Akatazama visigino vya baba yake: nyufa zilezile.

"Baba, hukuzivaa?"

"Nilikuwa nakutunzia, mama."

Salvina akachana ganda kavu la mgomba, akapiga magoti, akaifunga soli.

"Utaingia nazo hivihivi."

"Watu watanicheka."

"Wacheke. Na kesho uende nazo shambani."

Msimu wa kahawa nilipita tena. Raba, zimeshonwa kwa uzi mnene, zilikuwa miguuni mwa Filbert, zimejaa udongo mwekundu. Visigino vimepona. Nikainua macho darini, nikaona makatambuga yamelala kwenye moshi.

"Na hayo?" nikauliza.

"Mbegu," akajibu Mektrida.

Filbert alikuwa ameshatoka, anashuka mgombani bila sauti.