Ditekta Ilipolia Kwenye Nyasi za Bibi

Usiku ule nililala na udongo kwenye kucha. Nilikuwa nimenawa na kusugua, lakini ule mwekundu wa kule mlimani haukubali kutoka haraka. Kikombe nilikiweka dirishani, karibu na kichwa changu. Kidogo, cha bati, rangi ya buluu iliyobanduka banduka, cha kutosha mkono wa mtoto. Kwenye kitako chake kulikuwa na tundu.

Kabla sijaandika ndoto yenyewe, nieleze kikombe kilifikaje hapo.

Mjomba Osmundi, kaka yake mama, alirudi kutoka machimbo ya dhahabu akiwa na ditekta. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini. Ukiipitisha juu ya chuma kilichofukiwa, inalia. Dhahabu yenyewe hakurudi nayo. Akanipa mashine niichezee wakati wa likizo, nami nikaipenda siku ileile, kwa sababu ni mchezo usiotaka mtu aongee. Mimi naogopa watu. Darasani jibu nakuwa nalo, mkono ndio hauinuki. Mjomba husema, "Hyasinta akitamka neno, anikeni nguo ndani, mvua inakuja."

Mwanzoni nilipata visoda, misumari, betri za redio, na kufuli lisilo na ufunguo. Kisha, karibu na njia ya zamani ya kwenda kanisani, nikapata sarafu ya Mjerumani yenye tundu katikati. Mwalimu wetu wa Historia aliniambia iliitwa hela, na kwamba neno letu la hela limetoka hapohapo. Sikulala vizuri kwa furaha. Nikaanza kuwafuata wazee kuwauliza habari za mali ya Mjerumani: kwamba alipokimbizwa vitani alifukia masanduku ya rupia, akaacha alama kwenye mawe, na nyoka analinda. Kuuliza kulinipa shida, nilikuwa nafanya mazoezi ya swali njiani. Nikagundua jambo moja la kuchekesha. Kila mzee anajua mali ilipo, na kila mmoja anaonyesha shamba la jirani yake.

Ila Mjomba alionyesha letu.

Huku kwetu Umatengo tunalima ngoro. Nyasi zinalazwa mistari inayokatana, zinafukiwa kwa udongo, katikati kunabaki shimo la kushika maji. Mlima mzima ukiutazama kwa mbali unafanana na sega la nyuki. Lakini juu kabisa ya shamba la marehemu bibi, mama yao Mjomba na mama yangu, kuna kipande ambacho hakijawahi kulimwa. Bibi hakuruhusu hata nyasi za pale zikatwe. Ukimuuliza anasema, "Kule juu acheni nyasi," basi, anaendelea na kazi yake.

"Mama alikuwa mlinzi wa ile mali," Mjomba alisema mwaka huu, Bibi akiwa hayupo tena wa kumkatalia. "Mtu anaacha ardhi nzuri namna ile bure? Kuna kitu."

Mchana wa siku ile ya ndoto nilipandisha ditekta kule. Ikalia. Nikafukua kwa mikono kiasi cha kuzamisha kiganja na kupita kidogo, nikatoa kikombe. Nilipomwonyesha Mjomba, alikigeuza, akachungulia jua kwa lile tundu, akaanza kucheka.

"Hela ina tundu, kikombe kina tundu! Mjerumani na matundu yake! Hii ni alama, mpwa wangu. Sanduku liko chini hapohapo."

Akampigia simu rafiki yake Kanuti. Wakakubaliana waje asubuhi na majembe na sururu, wachimbe kile kipande chote hadi mwamba.

Mimi nilikuwa nimeona kitu. Tundu lilikuwa limetobolewa kwa msumari, kutoka ndani kwenda nje, taratibu, pembeni bila ufa. Nani anatoboa kikombe kizima kwa upole hivyo? Na Mjerumani gani anywe kwa kikombe kidogo namna hii? Nilitaka kusema. Kanuti alikuwa anacheka kwenye simu, mama anapepeta maharage, Mjomba anaimba. Nikaingia ndani.

Ndipo nikalala.

Niko kule juu tena, kwenye nyasi. Ni mchana lakini jua halipo mahali popote. Nimevaa vile vya masikioni vya ditekta, na badala ya mlio nasikia mtu anakohoa. Kikohozi nakijua. Nikageuka. Bibi alikuwa ameketi ndani ya shimo la ngoro kama mtu aliyeketi kwenye beseni, miguu ameinyoosha, na sweta lake la kijivu lenye kifungo kimoja cha shati la shule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu punguza sauti ya hilo lidude, linanigonga kichwani."

Nikapunguza. Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi kama mtu aliyekuta mgeni nyumbani. Nikamuuliza kama hajambo huko.

"Sijambo. Ila kaburi mmenijengea kwa vigae," anasema. "Vyeupe. Kila nikifumbua macho nadhani niko bafuni kwa masista."

Tunacheka wote wawili. Alipocheka nikaona meno yamerudi yote. Kisha mashimo ya ngoro ni madawati, na nyasi ni wanafunzi wenzangu, wamenipa mgongo, wanainama na upepo. Bibi yuko mbele ameshika chaki lakini haandiki. Anatazama darasa lote mpaka mwisho, kama mtu anayehesabu vifaranga, halafu anaita:

"Hyasinta!"

"Abee!"

Na nyuma yangu, karibu sana na ardhi, sauti nyingine ikaitika pamoja nami. "Bee!"

Nikataka kugeuka, shingo haikugeuka. Nilisikia tu mtu mdogo anapumua kwa mdomo, kama watoto wenye mafua.

"Huyo ni somo yako," Bibi akasema.

Hapa lazima niandike jambo. Bibi alipokuwa hai, kila asubuhi nikienda shule alisimama mlangoni akasema, "Haya, somo, nenda salama." Mimi nilidhani anasema habari za masomo, kwamba ni kunihimiza nisome. Miaka yote ile nilijibu, "Ndiyo bibi, nitasoma." Wala hakunisahihisha. Kumbe alikuwa anamwita mtu. Alikuwa anatamka kwamba nimebeba jina la mwenzangu.

Darasa halipo. Tuko jikoni kwa Bibi, jiko la zamani, kabla Mjomba hajaweka bati jipya. Bibi ni kijana. Ni mdogo kuliko mama yangu. Amepiga magoti sakafuni, ameweka kikombe cha buluu juu ya kipande cha mti, ana msumari na jiwe. Anagonga kidogo, anasimama, anajifuta uso kwa upande wa mkono, anagonga tena. Sikuona machozi, niliona mkono tu. Nikamuuliza kwa nini anakiharibu.

"Siharibu. Namwandalia. Kikiwa kizima mpita njia atakitamani, atakichukua, mwanangu akose cha kunywea."

Akapuliza vumbi la bati kutoka kwenye tundu, kama unavyompulizia mtoto uji.

Nikaelewa kila kitu, na nilipoelewa ndipo nikaogopa. Nikasema, "Bibi, kesho watachimba."

"Najua."

"Mwambie Mjomba wewe. Mtokee yeye."

"Nimeenda." Sasa ni mzee tena, amesimama mlangoni pale aliposimamaga nikienda shule. "Osmundi anakoroma. Tangu utotoni ukimwamsha anakupiga teke."

"Mimi watanicheka, bibi. Kanuti atanicheka."

Nyuma ya sketi yake mkono mdogo ulishika kitambaa, vidole vinne nje, kidole gumba ndani. Bibi akauweka mkono wake juu ya ule mkono bila kuutazama.

"Mwenzako alikuwa ndio kwanza anaanza kusema," aliniambia. "Wewe una mdomo wako wote."

Nilitaka kumjibu. Nilifungua kinywa, ikatoka sauti ya ditekta, nyembamba, ndefu, nikawa naisukuma iwe neno na haiwi, na Bibi anaanza kuwa mbali ingawa hasogei, mlango ndio unasogea, na mimi bado nalia kama mashine.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nje sururu iligonga jiwe, mtu anaijaribu makali.

Sikuvaa hata viatu. Uani mama alikuwa anamimina chai, Mjomba na Kanuti wameketi kwenye mbao wanakula viazi, majembe yameegemea ukuta. Kanuti akaniona wa kwanza.

"Ahaa, injinia wetu! Leo utatuonyesha mwenyewe, au mpaka tukuandikie barua?"

Nilisimama. Nilisikia uso unapata moto kama kawaida yake. Nilitazama chini, nikasema nikiwa natazama chini, lakini nilisema.

"Mjomba, msichimbe kule. Kuna mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa Bibi. Bibi alikuja usiku. Lile tundu alitoboa yeye, ni kikombe cha kaburini. Mtoto anaitwa Hyasinta. Nimepewa jina lake."

Kanuti alicheka, kama nilivyojua. "Osmundi, twende bwana. Ukilala na njaa unaota hata Papa."

Mjomba naye alikuwa anatabasamu. "Mpwa wangu, mama yetu mimi namjua. Mimi ndiye kifungua mimba. Kabla yangu hakuna mtu kwenye nyumba hii."

"Yupo, Mjomba. Wewe ni wa pili."

Sijui niliyatoa wapi. Hakuna mtoto anayemwambia mjomba wake hivyo. Nilingoja mama anifokee. Mama alikuwa bado ameinua birika, chai imeacha kutoka.

"Kaka," akasema. "Hili jina alilichagua mama. Mimi nilitaka Neema. Nilimwambia Hyasinta ni jina la kizee, akaniambia, 'Ni la mtoto.' Alisema hivyo tu, 'Ni la mtoto.' Nilidhani anamaanisha huyu niliyembeba."

Kuku alipita katikati yetu akadonoa ganda la kiazi. Mjomba aliingia ndani, tukasikia anatembea chumbani kwangu, akatoka na kikombe. Safari hii hakuchungulia jua. Alipapasa tundu kwa ncha ya kidole, akakizungusha, akapima ukubwa wake kwenye kiganja. Kiganja cha Mjomba ni kama koleo. Kikombe kilipotea mle.

"Kanuti," akasema, "maliza chai yako uende nyumbani."

"Na mali?"

"Nimesema maliza chai."

Kanuti aliondoka ananung'unika habari za watu wanaoendeshwa na ndoto za watoto wa shule, na huenda mwisho wa wiki kijiji kizima kitakuwa kinanicheka. Niliwaza hivyo, nikashangaa kwamba haikuniuma sana.

Mjomba aliniambia nitangulie. Majembe tuliyaacha ukutani. Tulipanda tunakanyaga kingo za ngoro ili tusizibomoe, mama nyuma yetu na kanga amejifunga kichwani. Kule juu nilimwonyesha pale nilipofukua. Mjomba alipiga magoti, akakirudisha kikombe, akakifukia kwa mikono na kulaza nyasi juu yake kama zilivyokuwa.

Kisha akasimama wima, mtu mzima yule, mwenye mvi, ambaye maisha yake yote nyumbani kwetu ndiye huamkiwa na wengine. Akavua kofia.

"Shikamoo, dada," alisema.

Halafu akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.