Mahfudha wa Firq na leseni zisizooana

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumamosi, siku ya kwanza ya wiki ya kazi. Nje, gereji za Firq, kitongoji cha Nizwa nchini Oman, zimeshaanza kugonga mabati. Ndani, ghorofa ya pili ya kampuni moja inayouza kompyuta kwa shule, Mahfudha binti Nadhir amekunja uso juu ya kurasa kumi na moja za Kiingereza cha wanasheria. Amefika kifungu cha sita. Anakisoma tena, safari hii kwa sauti, kisha anazisukuma karatasi hadi ukingoni mwa meza.

"Juu wanasema tuitumie tupendavyo. Huku chini wanasema isitumike kwenye biashara. Sasa muuza vitabu wa Nizwa afanyeje? Wanatufanya wajinga!"

Kazi yake ndiyo hiyo. Kabla programu yoyote haijatiwa kwenye kompyuta za kampuni, yeye husoma leseni yake na kuamua mambo mawili: kama programu ni huru kweli, na kama leseni hiyo inaoana na leseni za programu itakazochanganywa nazo.

Mahfudha ana miaka arubaini na moja. Alizaliwa Tabora, akaja Nizwa na wazazi wake mwaka 1984. Alifundisha Kiingereza, akatafsiri mikataba kwenye ofisi ya wakili, na mwaka 2001 akaajiriwa hapa. Analipwa riali 340 kwa mwezi. Katika miaka sita amesoma leseni 614, zote kwenye daftari lake.

"Wenzangu wanabonyeza 'nakubali' kama mtu anayefukuza nzi," anasema. "Mimi nauliza. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote? Anaruhusiwa kuifungua aone inavyofanya kazi, na kuibadilisha? Anaruhusiwa kumpa jirani? Na ile aliyoibadilisha, anaruhusiwa kuigawa? Jibu moja likiwa hapana, siandiki huru. Hata kama wanaigawa bure barabarani."

Kuoana, anaeleza, ni taabu nyingine. Leseni mbili zaweza kuwa huru, kila moja kwake, na bado zisikae nyumba moja. Moja inadai kila tangazo la bidhaa litaje waliotunga programu. Ya pili inakataza kuongeza sharti lolote. Ukitii hii, umeshaivunja ile.

Mwaka jana, 2006, kazi hiyo nusura imtoe ofisini.

Kampuni ilikuwa inatayarisha kompyuta za shule binafsi za mkoa wa Sharqiyah. Ndani yake kulikuwa na programu ya kusahihisha tahajia ya Kiarabu, iliyoandikwa na Tahani, msichana wa Sur, kwa miaka miwili alipokuwa mwanafunzi. Tahani aliitoa kwenye mtandao chini ya leseni ya umma iitwayo GPL: itumie, ibadilishe, igawe, lakini utakayempa mpe na msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayomwezesha kuirekebisha, na mpe uhuru uleule uliopewa wewe.

Mafundi wa kampuni waliiunganisha na programu ya kusoma maandishi kwa sauti, iliyonunuliwa ng'ambo kwa mkataba unaokataza kufungua msimbo kabisa. Mbili hizo haziwezi kutoka pamoja. Tena, kwenye ukurasa wa utambulisho, jina la Tahani lilikuwa limefutwa. Palikuwa na jina la kampuni peke yake.

Mahfudha aliandika kwenye fomu: "Hazioani. Isitoke." Meneja wake, Majid, akamwita.

"Bi Mahfudha, kitu cha bure hiki. Huyo binti mwenyewe kakitupa mtandaoni. Tia saini, khalas."

"Hakukitupa, Ustadh Majid. Katoa kwa sharti. Sharti lenyewe moja tu, na nyinyi hilo moja limekushindeni! Na jina lake mmelifuta kwa nini?"

"Nani atasoma jina?"

"Mimi nimesoma."

Hakutia saini. Alimwambia Majid usoni kwamba angemwandikia Tahani, mwenye programu, na jioni ile akamwandikia. Kesho yake fomu ilitiwa saini na mtu ambaye hakuisoma, na kompyuta zikapelekwa. Mahfudha akahamishiwa mapokezi, apokee simu.

"Miaka mitano ya kusoma, wananiweka mlangoni niwaambie watu wakae wasubiri," anasema. "Sikulia. Niliwaka."

Walikosea kumweka kwenye simu. Wiki ya nne simu ilipigwa na Kaltham, mwalimu wa shule moja ya Bidiya iliyopelekewa kompyuta hizo. Wanafunzi wake walikuwa wakiandika juu ya mashamba ya tende na zamu za maji ya falaj, mfereji wa mashamba, na kompyuta ilipiga mstari mwekundu chini ya kila jina la tende walilolijua kwao. Kaltham alitaka kuyaongeza majina hayo. Programu ilikataa kufunguliwa.

"Nikamuuliza: yaani watoto wangu wanaambiwa wamekosea lugha ya babu zao, nami siruhusiwi kusahihisha?" anakumbuka Kaltham. "Bi Mahfudha akaniambia: unaruhusiwa. Haki hiyo umenyang'anywa. Akanieleza yote, akanipa na namba ya Tahani."

Siku kumi baadaye Kaltham na Tahani waliingia Firq pamoja. Tahani alisimama mapokezi na leseni yake mkononi.

"Shikamoo, Bi Mahfudha. Barua yako ilifika."

"Marahaba, mwanangu. Twende juu."

Majid alisema kampuni iko tayari kumlipa.

"Mimi sitaki flusi," Tahani alimjibu, kwa Kiswahili chake cha mtu aliyezaliwa Sur. "Mimi nataka mufungue. Programu yangu nimeipa watu wote, sio nyinyi peke yenu. Wallahi mulikuwa muombe tu, hata ruhusa ilikuwa iko tayari, imeandikwa!"

Kaltham naye akaweka mezani barua ya wakuu wa shule saba: msimbo utolewe, au kompyuta zirudi.

Baada ya wiki tatu kampuni iliiondoa programu ya sauti, ikapeleka diski zenye msimbo wote, na jina la Tahani likarudishwa, kwa herufi ndogo, ukurasa wa mwisho. Mahfudha akarudishwa kwenye meza yake. Shule za Bidiya zimeshaongeza maneno zaidi ya mia tatu, nazo zinayagawa mpaka Tiwi.

"Hakuna aliyeniambia pole," anasema. "Hakuna aliyempigia Tahani kumwambia tulikosa. Wanaona wamefanya hisani kurudisha kitu cha mtu!"

Jumatano iliyopita aliwasilisha barua ya kuacha kazi. Amepata chumba katika mji wa Ibra, juu ya duka la vitambaa, na humo anakusudia kuwasomea walimu leseni na kuwafundisha kuzisoma wenyewe. Kaltham ameshamletea wanafunzi kumi na wawili, wote walimu wanawake. Somo la kwanza ni mwezi ujao.

"Nitaanza na kile kitufe cha 'nakubali'," anasema Mahfudha. "Nitawaambia: toeni kidole. Kwanza tusome tunakubali nini."